Haya Niliyoipata Karakanani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Pokea salamu zangu nyingi, zikukute umekaa mahali penye kivuli na huna kazi ya haraka, maana barua hii ni ndefu. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imesaidia, au imebaki kunukisha mashuka tu? Baba naye mpe shikamoo yangu, na umwambie kikohozi hakishindwi kwa kubishana nacho, aende akapimwe. Nawe kitindamimba wetu, unayemsomea Mama kwa sababu najua miwani yake bado imefungwa kwa uzi, nakusalimu kwa mapenzi yote ya dada. Ila leo nakuomba usiruke hata mstari mmoja. Nakujua wewe. Ukifika mahali pabaya unakohoa, unaanza aya nyingine.

Kwa kawaida hapa ndipo mtu huandika kwamba yeye huku ni mzima wa afya, wasiwasi ni juu yenu mlio mbali. Nimeiandika sentensi hiyo nikaikata, nikaiandika tena nikaikata. Ndiyo maana karatasi ina michirizi hapo juu. Na mwandiko mkiuona umepindapinda kama wa mtoto wa chekechea, msidhani nimeandikia kwenye gari. Mkono wangu ndio umekuwa hivyo. Barua hii naiandika vipande vipande, kila mkono unapotulia.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nimepiga, Mama, na si mara moja. Kila nikitaka kukwambia jambo lililonifanya nipige, uso unawaka moto, sauti inakwama, nabaki kuitikia ndiyo Mama, sawa Mama. Nawe unafurahi. Unasema siku hizi kuongea nami ni raha, kwamba zamani ilibidi uniombe ruhusa ili uingize neno. Wiki iliyopita ukaniambia umeshazungumza na bosi wangu, amekubali, na mwisho wa mwezi kitindamimba anapanda basi kuja kufanya kazi karakanani pamoja nami, ili na yeye apate haya kama dada yake. Nikasema ndiyo Mama. Simu ilipokatika nilikaa sakafuni, mgongo kwenye mlango. Barua hii nimeiandika ili kuifuta ile ndiyo. Asije. Nakuomba usome yote ujue kwa nini, lakini hata kama utachoka hapa hapa, umeshalisikia: asije.

Unakumbuka nilivyokuwa. Mtaa mzima uliniita Chiriku. Nilibishana na muuza nyama juu ya mizani yake mpaka watu wakatoka majumbani, na siku ile mjomba alipokuja kutusimulia safari zake nikamwambia hadithi hiyo ameshatusimulia, tena safari iliyopita alivuka mto mmoja tu, sasa imekuwaje mitatu. Baba alicheka hadi akashika ukuta. Wewe hukucheka. Uliniambia nina uso mkavu, kwamba hata tumboni nilitoka nikiwa nimeshaanza kujibu. Ulisema ulimi hauna mfupa lakini wangu umevunja mifupa ya wengi. Sikukasirika, Mama, nilijua unasema kweli. Ila nilikuwa nikikuona unavyoinamisha kichwa watu wakinisema, na hilo liliniuma kuliko nilivyowahi kuonyesha.

Sasa nikueleze kazi yetu ilivyo, maana nilikwambia tu kwamba tunatengeneza mashine za hospitali. Karakana ipo ghorofani, juu ya duka la matairi. Ni chumba kimoja kirefu chenye sakafu ya mbao, meza ndefu katikati, na dirisha lisilofunguliwa kwa sababu upepo unauchezesha moto wa gesi tunaopashia mirija ya kioo. Mahospitali hutuletea zile mashine za presha za zamani, za sanduku, zenye mrija uliosimama na zebaki inayopanda na kushuka ndani yake. Zebaki ikichafuka haipandi sawasawa. Basi tunaimimina kwenye beseni la chuma, tunaichuja kwa kuikamua ndani ya kipande cha ngozi laini, kwa mikono hii hii, kisha tunairudisha. Bosi wetu, ambaye mtaa wote unamwita Bwana Presha, hutuambia zebaki ni safi kuliko maji kwa kuwa haishiki uchafu.

Na ni kitu kizuri, Mama, siwezi kusema uongo. Ni chuma kinachotiririka. Ikidondoka inavunjika vipunje, ukivisogeza vinarukiana vinakuwa kitu kimoja. Tulikuwa tunavichezea kiganjani tukisubiri chai. Vingine viliingia kwenye nyufa za mbao, tukafagia vilivyoonekana, vilivyobaki tukavisahau. Chakula cha mchana tulikula pale pale mezani. Haina harufu wala haichomi. Mtu ataogopaje kitu kisichonuka?

Kilichonishangaza tangu siku ya kwanza ni ukimya. Hakuna anayempigia mwenzake kelele, hakuna anayemkazia mwenzake macho, kila mtu ameinamia kazi yake. Vijana wa duka la matairi walikuwa wakisema watu wa juu wana haya kama maharusi. Sifa hiyo ilienea. Nimeshaona mama mmoja akipanda ngazi zetu amemshika binti yake mkono, akamwomba Bwana Presha ampokee hata kwa kufagia, kwa kuwa amesikia hapa ndipo watoto wa kike wanapotulia. Nilimcheka. Nilikuwa bado nacheka wakati ule.

Karibu yangu alikaa fundi mmoja mtu mzima waliyemwita Redio. Mchana kutwa humsikii neno. Nikadhani ni utani, kama vile watu wanavyomwita mwenye upara Nywele. Nikawa namtania kila asubuhi, namuuliza betri zimekwisha au mawimbi hayashiki. Alikuwa akitabasamu akiitazama meza.

Sijui ilinianza lini. Kwanza yalipotea maneno. Siku moja nilimwomba Bwana Presha bisibisi, nikabaki nimenyoosha mkono nikisema nipe kile, kile cha kuzungushia. Tukacheka sote. Kisha ikaja hofu ya kutazamwa. Nilikwenda dukani kununua chumvi, muuzaji akaniuliza nataka nini, watu wawili wakageuka, na mimi niliyewahi kusimamisha soko zima nikahisi shingo inaungua. Nikaonyesha kidole kitu kilichokuwa karibu, nikalipa nikaondoka. Ilikuwa sabuni. Siku hiyo nilikula mboga isiyo na chumvi nikilia, sijui nalia nini. Mkono nao, nikiwa peke yangu kikombe kinatulia, mtu akinitazama tu chai yote iko kwenye sahani. Nikaanza kunywa chai wenzangu wakishamaliza. Rafiki niliyekuwa naishi naye chumba kimoja nilimrushia sufuria kwa sababu alifunga mlango kwa nguvu, na baadaye nikashindwa kumwomba radhi, nikawa nasubiri atoke ndipo niingie. Amehama. Mama mwenye nyumba yeye ananisifu, anasema hajapata kuwa na mpangaji mstaarabu kama mimi.

Mama, goti lako linaendeleaje? Naona huko juu nimeshauliza. Nilitaka kukata, lakini nimeacha makusudi ili uone. Ndivyo ninavyoishi sasa. Jambo nalishika, nageuka kidogo, halipo.

Kuna siku Redio hakuja kazini, na kesho yake akaja mkewe. Bwana Presha alipomsikia kwenye ngazi alijificha nyuma ya rafu ya mirija, mtu mzima na kitambi chake, akaniachia mimi nimpokee. Mama yule alikuja kuuliza tumemfanya nini mumewe, mbona akirudi nyumbani anakaa akitazama ukuta, mjukuu akimkimbilia anaingia chumbani anafunga mlango. Nilitamani na mimi nijifiche. Nikajikaza nikamwambia hapa Mzee hana neno na mtu, ni mtu wa haya tangu zamani. Mama yule alinitazama kama niliyemtukana. Akaniambia haya ya wapi? Huyu jina la Redio alipewa na mtaa kwa mdomo wake. Kila arusi yeye ndiye aliyeshika kipaza sauti, na usiku yeye mke alikuwa akimwomba anyamaze walale. Akasema alipoanza kunyamaza alishukuru, alidhani ni utu uzima umemfikia. Alishukuru, Mama, akawaambia na majirani.

Basi utani wangu wote ukanirudia usoni. Nilikuwa nikimuuliza betri kila asubuhi, naye alikuwa mtu anayezama.

Mara iliyofuata nilipotumwa kurudisha mashine hospitali, muuguzi aliyenipokea alivaa glavu, akanishangaa mimi niliyezipakata bila chochote. Alinipeleka kwa daktari, binti mdogo tu, labda ananizidi miaka michache. Akanitaka nichore duara linalojizungusha kama gamba la konokono. Langu likatoka kama mshono wa cherehani mbovu. Nikangoja aniulize juu ya mkono. Hakuniuliza mkono. Aliniuliza kama siku hizi naona haya pasipo sababu, kama nakwepa watu niliowazoea, kama nasahau, kama nalia hovyo, kama nakasirika kisha najuta. Nilishtuka. Sijapata kusikia daktari akiuliza habari ya haya kama anavyouliza homa.

Alinieleza kwamba zebaki inatoa mvuke usioonekana, kwenye chumba kilichofungwa na chenye moto ndiyo zaidi. Tunauvuta siku nzima, unaingia mwilini unapanda mpaka kichwani, na huko haugusi kumbukumbu na mikono peke yake, unagusa tabia. Mtu jasiri anakuwa mwoga, mchangamfu anajificha, mpole anarusha sufuria. Walipima mkojo wangu, na daktari alipoyasoma majibu alivua miwani akaifuta kabla ya kuniambia. Akasema dawa ya kwanza kuliko zote ni kutoka mle ndani. Nikiondoka mapema mengi yanaweza kurudi, polepole. Yapi yatarudi na yapi hayatarudi, hakuniahidi.

Sasa nimefika pale ninapopaogopa. Kitindamimba, hapa soma taratibu, na kama Mama atakwambia uache, usiache.

Mama, siku nilipotoka kwa daktari ilikuwa kabla ya ile likizo niliyokuja nyumbani. Sikuja kupumzika. Nilikuja kukwambia. Njia nzima nilikuwa nikijisomea maneno ya kuanzia, nisije nikayasahau. Nilipofika nikakuta wageni wako sebuleni. Ukanituma nilete vikombe. Nilisimama jikoni nikiliangalia sinia, nikijua nikilibeba mbele ya macho yale litapiga kelele mpaka mlangoni. Sikulibeba. Niliingia mikono mitupu, nikaketi kwenye kona, nikatazama miguu yangu, nikajibu salamu kwa sauti ya kuku mgonjwa. Kitindamimba ndiye aliyeleta vikombe, tena akimchekesha kila aliyempa. Nikasikia mgeni wako mmoja anasema, huyu ndiye yule Chiriku? Mbona ametulia kama maji mtungini, mbona ana haya hivi? Nawe ukacheka kwa furaha ambayo sijawahi kuisababisha maishani mwangu. Walipoondoka ulinishika uso kwa mikono yako miwili. Ulisema, sasa ndiyo najiona nimezaa.

Nilikuwa na maneno yangu yote tayari mdomoni. Nikayameza.

Nilijua, Mama. Ulipokuwa ukinisifu nilijua kwamba kile unachokisifu ni sumu. Lakini nimekuwa mwanao miaka yote hii na sijawahi kushikwa uso namna ile. Nikajiambia ngoja angalau likizo iishe. Ilipoisha nikarudi karakanani, nikaketi mahali pangu, nikaendelea kuchuja, na kila ulipopiga simu ukanisifu nikaona nimefanya vizuri. Wakati mwingine niliogopa kupona kuliko nilivyoogopa kuugua, kwa maana nikipona utampata tena yule wa muuza nyama. Wahenga wamesema mficha maradhi kilio humfichua. Kilio changu mimi kilikuwa ile simu yako ya wiki iliyopita. Mimi kujiua pole pole ili nipendwe ni ujinga wangu, nilikuwa tayari kuubeba. Kumwingiza mdogo wangu katika chumba kile ni jambo jingine.

Kesho yake, baada ya simu ile, nilikwenda kuacha kazi. Nilikuwa nimejipanga kumwambia Bwana Presha kila kitu, dirisha, nyufa za sakafu, Redio. Nilisimama mbele yake, neno halikuja. Nikaiweka ile ngozi ya kuchujia juu ya meza nikatoka. Na yeye hakuniuliza kitu, Mama. Aliona haya kuniuliza. Alikuwa mwekundu wa macho na mikono yake ameificha mifukoni, na ni hapo nilipong'amua kwamba yeye ndiye aliyekaa mle ndani muda mrefu kuliko sisi sote. Nilipomsimulia daktari alisema atapanda ngazi zile mwenyewe akaongee naye na wenzangu waliobaki. Redio ameshapelekwa hospitali na mkewe.

Nimefikiri sana juu ya neno hili, haya. Naona kwamba haya ni ya mtu anayeweza kusema, akapima, akachagua kunyamaza. Mimi sikuchagua. Wewe ulinifundisha adabu miaka yote, na najua ulinifundisha kwa sababu dunia humkata mwanamke mwenye mdomo, na hukutaka nikatwe. Sikulaumu. Hata mke wa Redio alishukuru kwanza. Lakini sasa unajua, na ukishajua huwezi kushukuru tena.

Kwa hiyo nakuomba. Jirani yetu wa cherehani ambaye naye ulimwambia habari za karakana yetu, mwendee leo, kabla hajamfungia binti yake mzigo. Na kitindamimba mwache. Najua anajibu kabla hujamaliza kuuliza, na akicheka anaonekana mpaka koo, na wiki hii labda ameshakutia aibu mahali. Mwache, Mama. Mfundishe, mkemee ukitaka, lakini afundishwe na wewe, mtu aliye hai anayempenda, si na kitu kilichomwagika sakafuni. Nawe mdogo wangu, kama Mama bado ananyamaza hapo ulipo, mjibu wewe. Mwambie huji. Mwambie kwa sauti yako ile ile inayofika mpaka kwa jirani, na usiombe radhi.

Mimi nitakuja mwisho wa mwezi, daktari akiniruhusu. Sijui nitakuwa nimerudiwa na nini. Naogopa basi, naogopa abiria watakaonitazama, naogopa zaidi mlango wa nyumba yetu na uso wako utakapoufungua. Mpe Baba mkono wangu. Wasalimie majirani wote wa kulia na wa kushoto, na wale wageni wako wa siku ile, wakija tena usiwafukuze, wakaribishe. Nitakuwa nimekaa kwenye kona, nimeinama, sina neno. Watanisifu. Nakuomba, Mama, safari hii usicheke nao. Waambie mwanangu huyu anaumwa.

Ni mimi, binti yako mkubwa,
anayekupenda na kukuogopa.